Kabla ya Kuongeza Methodi, Amua Urefu wa Stringi ni Nini

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anatengeneza klasi (aina ya data pamoja na kazi zake) ya stringi, yaani mfuatano wa herufi ndani ya programu, iliyo tajiri zaidi kwa ajili ya maktaba ya lugha ya programu anayoiunda, na ameambatanisha orodha ndefu ya methodi, yaani kazi za klasi hiyo: kugeuza mpangilio wa herufi, kukata, kujaza nafasi, kuhesabu maneno, kutafuta bila kujali herufi kubwa na ndogo. Anauliza aanze na ipi. Jibu langu huenda lisimfurahishe: asianze na yoyote mpaka awe ameandika, kwa sentensi isiyo na utata, maana ya urefu wa stringi katika lugha yake.

Nina sababu ya kusema hivyo kwa kujiamini. Lugha ambayo niliwahi kuifanyia kazi imetoa toleo jipya hivi karibuni, na klasi yake ya stringi imejengwa juu ya muundo ule ule niliowahi kuupendekeza ukakataliwa. Nilitaka pasiwepo methodi yoyote iitwayo urefu, bali programu iseme wazi inahesabu nini: baiti za kumbukumbu, alama za Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila alama ya maandishi namba yake), au herufi kama msomaji anavyoziona. Aliyekuwa na kauli ya mwisho alisema mbele ya wenzangu kwamba ninaleta falsafa mahali panapohitaji kasi. Jina langu halimo katika maelezo ya toleo hilo, na sitajifanya kwamba sikulitafuta.

Chukua emoji ya familia yenye mwanamume, mwanamke na binti, waliounganishwa kwa alama isiyoonekana. Msomaji anaona picha moja, na Swift, mojawapo ya lugha za programu, inajibu kuwa urefu ni 1. Python 3 inahesabu alama za Unicode na kujibu 5. Java na JavaScript, ambazo huhesabu vipande vya UTF-16 (namna ya kuhifadhi Unicode kwa vipande vya baiti mbili), zinajibu 8, na ukiihifadhi kwa UTF-8, namna inayotumia vipande vya baiti moja, itachukua baiti 18. Majibu yote ni sahihi, na ndiyo maana neno moja halitoshi kuyabeba. Rust ilifanya ukali ninaoupenda: ukijaribu kuchukua herufi ya kwanza kwa kuandika namba ya nafasi ndani ya mabano, programu haikubaliki hata kukusanywa, yaani kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine.

Katika lugha yetu, kabla ya toleo hilo jipya, methodi fupi ya urefu ilibaki, na yaliyofuata yalikuwa yale niliyoyaandika katika pendekezo. Majina ya watumiaji yalikatwa katikati ya herufi. Methodi ya kugeuza ilihamisha alama za lafudhi kutoka herufi moja hadi jirani yake. Maneno mawili yaliyofanana kabisa kwenye skrini yalikataa kulingana, kwa kuwa herufi é yaweza kuwa alama moja ya Unicode, yenye namba U+00E9, au e ikifuatiwa na alama ya lafudhi, U+0301. Kila hitilafu ilirekebishwa peke yake, kwa methodi nyingine mpya, na klasi ikazidi kunenepa bila kupata akili.

Swali la pili ni la kipande cha stringi: je, kinashiriki kumbukumbu na stringi mama, au kinanakiliwa? Java ilikuwa ikishiriki, na matokeo yake ni kwamba kipande kidogo kiliweza kuzuia matini kubwa isiachiliwe kutoka kwenye kumbukumbu. Mwaka 2012, katika Java 7 sasisho la 6, ikaanza kunakili. Swift na Rust zimekipa kipande aina yake yenyewe, ili anayekishika ajue kwamba anashikilia mali ya mwingine. Mimi ningefuata njia hiyo bila kusita.

Kuhusu kurithi, yaani kuunda klasi mpya juu ya klasi iliyopo ili kuiongezea methodi, usihangaike. Java imeifunga klasi yake ya stringi isirithiwe, ili klasi mrithi isiweze kuifanya ibadilike, na stringi isiyobadilika ni salama kupitishwa kokote.

Methodi za herufi kubwa na ndogo ni mtego mwingine. Herufi ya Kijerumani ß ikikuzwa huwa SS, hivyo stringi inarefuka. Katika Kituruki, i ndogo hukuzwa kuwa İ yenye nukta. Methodi isiyopokea lugha kama kigezo inakisia tu, nasi waandishi wa maktaba tuna tabia mbaya ya kuficha makisio yetu nyuma ya majina mazuri, kisha tunamlaumu mtumiaji kwa kutosoma nyaraka. Tuache tabia hiyo. Anayetumia maktaba yako hakuwepo ulipokuwa ukiamua, na jina la methodi ndilo ushahidi pekee alionao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika kwanza ile sentensi ya urefu, kisha upitie orodha yako upya ukiuliza kila methodi inahesabu nini. Ile ya kugeuza unaweza kuifuta leo hii. Sijawahi kuiona ikihitajika popote nje ya maswali ya usaili wa kazi.