Sifuri zikizidi: maswali yenu kuhusu vipeo vya kumi

Katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, Mbozi: Nimeingiza namba za simu za wanachama kwenye Excel, nikianza na 255. Zote zimegeuka 2.55754E+11. Zimepotea?

Hazijapotea, katibu. E+11 maana yake zidisha kwa kumi yenye kipeo cha 11 (10¹¹; kipeo ni ile namba ndogo ya juu), yaani sogeza nukta kulia hatua 11. Excel imekutana na tarakimu 12 ikaamua kufupisha. Chagua safu nzima, ipe muundo wa namba usio na desimali, na tarakimu zote zitarudi.

Kinachonitia hofu ni safu ya jirani, kama umeweka namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Tano za mwisho huzigeuza sifuri kimyakimya, na hapo hakuna muundo wa kuzirudisha. Nimewahi kukaa na mweka hazina wa kikundi kimoja tukirudia daftari zima, mwanachama mmoja mmoja, kitambulisho mkononi. Sipendi yakukute. Kabla hujaandika chochote, ipe safu hiyo muundo wa maandishi, au andika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Namba ya NIDA haijumlishwi wala haizidishwi. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu.

Mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa: Shikamoo mwalimu. 2 × 10⁻⁶ si iko chini ya sifuri?

Marahaba. Hapana, iko juu ya sifuri, ila imeikaribia mno. Alama ya kutoa ikikaa kwenye kipeo inakuambia ugawanye: 2 gawa kwa milioni moja, ni 0.000002. Katika mita, huo ni urefu wa bakteria wengi wa kawaida. Chukua rula yako, tazama vistari viwili vya milimita vilivyopakana. Bakteria 500 wakijipanga kichwa kwa mkia ndio wanaijaza nafasi hiyo. Namba ingekuwa hasi, alama ingekaa mbele kabisa: −2 × 10⁻⁶.

Mzazi, Vwawa: Mwanangu kaandika Kimondo cha Mbozi, tani 16, kuwa kilo 16 × 10³. Kakoseshwa. Kwani si sawa?

Thamani ni sawa, mwandiko ndio haujakamilika. Namba ya mbele ianzie 1 na isifike 10. Aandike 1.6 × 10⁴.

Msomaji wa Matema, Kyela: Ziwa Nyasa lina lita ngapi?

Swali tamu hili. Ujazo wa ziwa ni takriban kilomita za ujazo 8,400, yaani 8.4 × 10³. Kilomita ni mita 10³. Ukihesabu urefu, upana na kina, kilomita moja ya ujazo inakuwa mita za ujazo 10⁹. Kila mita ya ujazo ni lita 10³. Ukizidisha, vipeo vinajumlishwa: 3 na 9 na 3 ni 15. Lita 8.4 × 10¹⁵.

Ukitaka ndoo za lita 20, gawa kwa 2 × 10¹. Nane nukta nne gawa kwa mbili ni 4.2, kumi na tano toa moja ni 14. Ndoo 4.2 × 10¹⁴. Sasa iandike kwa urefu: 420,000,000,000,000. Ukidondosha sifuri moja tu hapo, sehemu tisa kati ya kumi za ziwa zimebaki nje ya hesabu.