Maswali na Majibu: Santuri za Zamani Zinatafutwa Wapi?

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wa Tanzania, Kenya na hata Oman wanauliza kuhusu santuri za zamani: zinapatikana wapi, zinatambuliwaje na zina thamani gani. Tumechagua barua tano, na baadhi yake tumezifupisha.

Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa bendi za Morogoro Jazz na NUTA Jazz. Nimezunguka Kariakoo nikiwauliza wauza vitu vya zamani, lakini ninachoambulia ni santuri za kwaya, za Kihindi na za waimbaji wa Ulaya. Inawezekanaje nyimbo zilizopigwa nchini mwetu zikakosekana hapa hapa nchini? — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, tatizo hilo halitokani na uzembe wako katika kutafuta. Muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 60 na 70 ulipita njia mbili, na ni moja tu kati ya hizo iliyozaa santuri. Njia ya kwanza ilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zilirekodi nyimbo kwa ajili ya kutangazwa hewani; nyimbo hizo zilihifadhiwa katika kanda kubwa za sumaku, na nyingi kati yake hazikuwahi kutolewa kwa santuri hata moja. Njia ya pili ilielekea Kenya, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi iliyotaka kuuza muziki wake madukani ilibidi isafiri, au kanda yake ipelekwe, hadi Nairobi, kwenye studio, viwanda na kampuni kubwa za biashara hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia nauli, jiulize kwanza kama wimbo unaoutafuta uliwahi kuwa santuri. Wapo watu wanaotafuta kwa miaka wimbo walioupenda redioni, wakiamini kwamba ni adimu, kumbe haukuwahi kuchapwa. Tena, hata pale ambapo wimbo mmoja ulipita njia zote mbili, ulichokisikia redioni na kilichomo katika santuri huenda vikawa ni rekodi mbili tofauti, zilizopigwa siku tofauti na pengine na waimbaji tofauti. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi finyu, na ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza, yenye mashairi, iliwekwa upande mmoja, na sehemu ya pili, ambamo magitaa huchemka na wachezaji huingia uwanjani, iliwekwa upande wa pili. Ukikuta santuri imeandikwa jina moja la wimbo pande zote mbili, usidhani kwamba kiwanda kilikosea.

Upande wa Morogoro Jazz una nafuu kidogo. Mwimbaji na mpiga gitaa wake, Mbaraka Mwinshehe, alirekodi Nairobi akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, na kazi zake zilisambazwa kwa wingi Kenya. Alifariki dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na baada ya kifo chake kampuni ya santuri ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Kwa msikilizaji, mfululizo huo ni mlango mzuri wa kuingilia. Kwa mkusanyaji, santuri ndogo zilizotoka wakati Mbaraka yungali hai ndizo zinazostahili kufukuziwa, kwa sababu hizo ndizo zilizozunguka baa na majumbani katika miaka ile na chache zimebaki katika hali njema.

Ukipata nafasi, nenda Nairobi. Mtaa wa River Road na maeneo yanayouzunguka ulikuwa kitovu cha biashara ya muziki, na katika Soko la Kenyatta pia kuna mahali pa kununua santuri zilizotumika. Mombasa nayo isisahaulike, hasa kwa taarab, kwa kuwa duka la Assanand lilirekodi na kuuza muziki wa pwani kwa lebo yake ya Mzuri. Kumbuka pia kwamba mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa kwa miaka kadhaa, na mzigo wa santuri uliokuwa ukivuka kwa urahisi ukakwama upande wa pili. Kwa maoni yangu, mtu anayetafuta santuri za Kitanzania za miaka ya mwisho ya 70 atapata nyingi zaidi Mombasa au Nakuru kuliko Dodoma.

Nimeona mtandaoni santuri ndogo ya bendi moja ya Nairobi ya miaka ya 70 ikiuzwa kwa bei inayokaribia mshahara wangu wa mwezi. Muuzaji anasema hali yake ni nzuri sana. Je, bei hizo ni za kweli? — Kijana mpenda muziki, Nairobi

Bei inayotajwa na bei inayolipwa ni mambo mawili. Muuzaji yeyote anaweza kuandika tarakimu anayoitaka. Kinachokuhusu wewe ni kiasi ambacho wanunuzi waliopita walikubali kukitoa. Tovuti ya Discogs, ambayo ilianza mwaka 2000 kama orodha inayojazwa na wapenzi wa muziki wenyewe, huonyesha historia ya mauzo kwa santuri nyingi. Tafuta toleo lile lile hasa, kwa namba ile ile iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati, kisha ulinganishe. Kama santuri haimo kabisa katika orodha hiyo, usishangilie haraka, kwani santuri nyingi za Afrika Mashariki bado hazijaorodheshwa, na kukosekana huko si ushahidi wa uadimu.

Ni kweli kwamba bei zimepanda. Kampuni za nje zimekuwa zikikusanya na kuchapa upya muziki wetu. Soundway ya London, kwa mfano, ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, na wapenzi wa muziki wa Ulaya, Marekani na Japani wakaanza kuzitafuta santuri asilia za bendi ambazo hata huko Nairobi zilikuwa zimesahaulika. Zaidi wanapenda zile zenye mapigo ya fanki na soul. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: bendi iliyouza santuri chache kwa sababu watu wa mtaani hawakuipenda ndiyo inayogharimu zaidi leo, ilhali santuri ya wimbo uliotikisa nchi nzima huweza kupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Wimbo uliopendwa ulichapwa kwa wingi, na kilichochapwa kwa wingi si adimu hata kama ni kizuri kupita kiasi.

Kuhusu hali, usiridhike na sifa. Wauzaji wa kimataifa hutumia ngazi za herufi, na ngazi yenye maana ya "nzuri sana" kwa lugha ya kawaida ni ya chini kuliko inavyosikika. Santuri ya ngazi hiyo huwa na mikwaruzo inayosikika wazi, hasa pale muziki unapotulia. Omba picha iliyopigwa chini ya mwanga mkali wa taa, ikiwa imeinamishwa. Santuri iliyopigwa mno kwa sindano iliyochakaa huwa na rangi ya kijivujivu kwenye mifereji yake hata kama haina mkwaruzo mmoja, na ugonjwa huo hauna dawa, kwa kuwa sauti yenyewe imeshasagwa. Vumbi husafishika. Kupinda kidogo kunavumilika iwapo sindano hairuki. Jina la mwenye santuri lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya katikati hushusha bei kwa wengine, lakini mimi huliona kuwa ni pambo, na mara nyingi ni fursa ya kupunguziwa.

Jambo la mwisho ni maandishi madogo yaliyochongwa kwenye eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Mwombe muuzaji akusomee namba hizo. Toleo la awali na toleo lililochapwa upya huweza kufanana sura, lakini namba hizo hutofautiana mara nyingi, na muuzaji anayekataa kuzisoma hastahili mshahara wako.

Assalaam alaykum, ndugu mhariri. Katika sanduku la bibi yetu, aliyetoka Unguja, tumekuta santuri nzito nyeusi, baadhi zikiwa na picha ya mbwa na gramafoni. Wajukuu wanataka kuzipiga kwenye mashine mpya. Je, zinaweza kuwa za Siti binti Saad? — Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Kwanza wazuieni wajukuu. Santuri hizo kwa maelezo yako ni za shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na zilitengenezwa kwa mizunguko 78 kwa dakika kabla santuri za vinaili hazijaenea kuanzia mwaka 1948. Mifereji yake ni mipana mara kadhaa kuliko ya vinaili, kwa hiyo sindano ya kawaida ya leo hutambaa chini kabisa ya mfereji na kukupa kelele badala ya sauti. Inahitajika sindano pana iliyotengenezwa kwa santuri za 78. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Msizisafishe kwa spiriti wala kimiminika chochote chenye alkoholi, kwa kuwa alkoholi huyeyusha shelaki. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi, na kukausha papo hapo, vinatosha.

Kuhusu Siti, yule mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, uwezekano upo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay na kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa, na kampuni nyingine hazikuchelewa kuitamani biashara hiyo. Someni majina yaliyo kwenye karatasi ya katikati kwa utulivu. Watu wa Unguja walipenda pia muziki wa Misri, hivyo sanduku kama hilo linaweza kuwa na santuri za Cairo zenye lebo ya Odeon au Baidaphon, ambazo ni nzuri lakini hazikurekodiwa na watu wa Zanzibar. Kila upande hubeba takriban dakika tatu tu. Mkiusikia wimbo ukikatika ghafla, fahamuni kwamba taarab ya barazani, iliyoweza kuendelea hadi mwimbaji atosheke, ilikuwa imebanwa ili iingie humo.

Santuri za Siti zilinunuliwa kwa wingi zilipotoka. Uadimu wake wa leo umetokana na sindano za chuma, zilizotakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja na ambazo wengi walizitumia hadi zikawa butu, na pia kwa mikono iliyoteleza. Kwa sababu hiyo, hata santuri yenye ufa msiitupe. Zipangeni wima, mbali na jua na joto, kila moja katika bahasha ya karatasi, kisha pigeni picha kila karatasi ya katikati kabla hamjamwonyesha mnunuzi yeyote.

Mzee mmoja jirani yangu alikuwa mwendesha muziki katika ukumbi wa starehe. Ana maboksi ya santuri stoo, na watoto wake wanataka kuyaondoa. Nawezaje kumwendea bila kumvunjia heshima? — Mwalimu, Arusha

Dada mwalimu, nenda kama jirani kabla ya kwenda kama mnunuzi. Mwamkie, keti, uulizie habari za ukumbi ule, na ukiweza kubeba mashine ya kupigia, ibebe. Mzee aliyekaa miaka mingi bila kuzisikia santuri zake atazichagua mwenyewe, na simulizi atakazozitoa, za nani alinunua wapi na bendi gani ilikuja kupiga lini, zina thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu majalada mengi ya santuri za kwetu hayana tarehe wala majina ya wapigaji. Yaandike.

Usitaje bei ya jumla kwa maboksi yote siku ya kwanza. Chambueni pamoja, na ukiona santuri yenye soko kubwa, mwambie wazi. Najua kuna wanunuzi wanaojisifu kwa kununua hazina kwa bei ya karanga. Mimi siuiti huo ujuzi. Watoto wake pia washirikishwe mapema, maana mzozo wa urithi ukianza, santuri huishia jalalani ilhali kila mtu anadai ni zake. Mahali pengine familia hukubali kwa urahisi zaidi ikiahidiwa nakala ya nyimbo zote kwenye simu zao.

Nikishanunua santuri adimu, je, naweza kuziweka mtandaoni na kujipatia kipato? — Msomaji, Tanga

Hapana, si bila idhini. Ulichonunua ni sahani. Haki za utunzi na za rekodi zimebaki kwa watunzi, kwa kampuni au kwa warithi wao. Kuuza sahani yenyewe ni ruhusa. Kuchapa upya au kusambaza sauti iliyomo kunahitaji makubaliano, na pa kuanzia kuuliza ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwa santuri zilizotolewa na kampuni za huko. Uendapo, chukua picha za pande zote mbili za karatasi ya katikati na zile namba zilizochongwa, kwa sababu jina la wimbo peke yake halitoshi kumtambua mwenye haki, hasa kwa nyimbo zilizorekodiwa na bendi zaidi ya moja.