Ekstenal inakata kata kwenye laptopu? Usikubali ifomatiwe kwanza

Sisi tunaofanya steshenari na kujazia watu muvi hapa Mwanga, Kigoma, kuna tatizo linaletwa mpaka unalijua kabla mteja hajafungua mdomo. Mtu anachomeka ekstenal, yaani diski ya nje ya kutunzia mafaili, taa inawaka, kompyuta inalia ule mlio wa kuchomeka, anaanza kuhamisha vitu vyake, ikifika katikati inakata, unasikia mlio wa kuchomoa, baada ya muda inarudi yenyewe, inakata tena. Hapo mwenye mali ameshahukumu: kaka diski imekufa hii, nifomatie tu. Jamani, nyingi zinazoletwa kama zimekufa hazijafa, zina njaa ya umeme.

Iko hivi. Poti ya USB 2.0 kwa viwango vyake inatoa volti 5 na miliampea 500 basi, ya USB 3.0 (mara nyingi ile yenye rangi ya bluu ndani) inatoa miliampea 900. Sasa ile ekstenal ndogo ya inchi 2.5 ndani ina sahani inayozungushwa na mota, ikishachanganya inakula kidogo tu, shida ni zile sekunde za mwanzo mota inaposukuma sahani kutoka kusimama, hapo inaweza kutaka hata ampea nzima. Laptopu nzima inavumilia hicho kidogo cha ziada, laptopu iliyochoka haivumilii, volti zinashuka, diski inajizima. Ndo maana ule utetezi wa "mbona flashi inasoma poti ileile" hausaidii kitu, flashi haina mota, inakula kidogo sana. Na zile ekstenal kubwa za inchi 3.5 usizihangaikie kabisa bila adapta yake ya ukutani, zinahitaji volti 12 na USB ya kawaida haina hizo.

Kabla hujagusa setingi yoyote jiulize inakata saa ngapi. Kama inakata ukiwa umeiacha tu, umeenda kunywa chai ukarudi haipo, basi hiyo mara nyingi ni Windows inabania umeme. Kama inakata katikati ya kukopi au pale pale unapochomeka, hapo ni umeme, waya au diski yenyewe. Watu wanachanganya hivi viwili halafu wanashinda kwenye setingi siku nzima wakati tatizo ni waya.

Halafu weka sikio kwenye diski, kweli kabisa, iweke kwenye meza na usogeze sikio. Yenye njaa utaisikia inaanza kupanda, zzzzz, haijafika juu inashuka, tik, kimya, inaanza upya. Ukiihamishia kwenye poti yenye nguvu inapanda mpaka juu inatulia. Ila kama hata kwenye poti nzuri inagonga tik tik tik kwa mpangilio uleule, hiyo ni vichwa vya ndani vinavyosoma sahani, chomoa na usiichomeke chomeke tena kama una vitu vya maana humo, kila jaribio linazidi kuimaliza.

Waya ndo wa kwanza kuushuku. Zile nyaya za ekstenal za USB 3 zenye kile kichwa kipana kimegawanyika sehemu mbili, upande wa diski, huwa zinalegea mapema sana, ukiugusa kidogo tu na kidole diski inapotea, jibu umeshapata. Na waya mrefu mwembamba unapoteza volti njiani, kwa hiyo ule wa mita mbili ulionunua ili ukae kitandani ndo unakuua. Tafuta mfupi, mnene. Kuna na ule wenye vichwa viwili upande wa kompyuta, kimoja cha data na umeme, kingine cha kuongezea umeme tu, kwa laptopu za zamani unasaidia sana, mimi nikiuona sokoni nauchukua hata kama siuhitaji siku hiyo.

Kaka mmoja mpiga video za harusi kutoka Ujiji alileta ya kwake, ina harusi za watu hajawakabidhi bado, fundi ameshamwambia haponi hiyo bila kufomati. Alikuwa anachomeka kwenye kile kihabu cha poti nne, kile kidude cha kugawa poti moja ya USB iwe nyingi, humohumo kuna mausi, modemu na feni ya kupoozea laptopu. Tukatoa vyote, tukaweka waya mfupi, tukachomeka nyuma ya deskitopu, ikafunguka ikakopi mpaka mwisho. Habu isiyo na adapta yake haiongezi umeme hata chembe, inagawanya uleule wa poti moja kwa wote waliochomekwa. Na deskitopu chomeka nyuma, poti za nyuma ziko kwenye madabodi moja kwa moja, za mbele zinapitia kawaya ka ndani ambako kwenye keisi za bei rahisi ni ka ovyo.

Habu yenye adapta yake ndo suluhisho la kudumu kama laptopu yako imechoka, hapa Kigoma kuipata ni kazi kidogo, wengi tunaagiza Dar inakuja na basi. Angalia iwe na katundu ka kuchomekea adapta pembeni, na adapta iwe ya volti 5, ampea 2 kwenda juu. Sasa sikiliza hapa vizuri: adapta ya rauta nyingi ni volti 9 au 12 na kichwa chake kinaweza kuingia vizuri tu kwenye habu. Kikiingia unaunguza habu na kila kilichochomekwa, ekstenal ikiwemo. Soma kile kikaratasi nyuma ya adapta, pale palipoandikwa OUTPUT, kwa tochi ya simu kama maandishi yamefifia.

Kwa wale inayokata ikikaa kimya, fungua Device Manager, shuka mpaka kwenye orodha ya USB, kila palipoandikwa USB Root Hub bonyeza mara mbili, nenda Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta izime kifaa ili kubana umeme. Laptopu nyingine ukurasa huo haupo, usishangae. Kisha kwenye Power Options, setingi za ndani za mpango wako wa umeme, tafuta USB selective suspend uizime, kwa betri na kwa chaja. Betri itaisha mapema kidogo, lakini ukishamaliza kukopi unaweza kurudisha. Wanaotumia Ubuntu badala ya Windows, fungua terminal uandike sudo dmesg -w halafu uchomeke, ukiona over-current, yaani umeme unaovutwa umezidi, umeshajua poti ndo inalalamika.

Kwenye Windows lalamiko hilohilo linakuja kama Power surge on the USB port. Poti imejikinga. Zima laptopu kabisa, toa chaja na betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, halafu mulika ndani ya poti. Miezi hii ya kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na kuna watu wamechomeka flashi kwa nguvu kinyume mpaka vile vichuma vimepinda vinagusana. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Kuchokonoa na sindano laptopu ikiwa imewaka sishauri hata kwa adui.

Jaribu na chaja pia. Toa, tumia betri tu, kama diski inatulia basi chaja yako ina maneno, hasa hizi za kuokoteza ambazo wati zake hazifiki zinazotakiwa. Deskitopu yenyewe haina betri ya kuikinga, umeme wa jenereta dogo ukicheza na diski inacheza.

Ule ujumbe wa kukwambia ufomati diski ndo uweze kuitumia, bonyeza Cancel. Diski ikikatiwa umeme inaandika, ile orodha yake ya mafaili inaweza kuharibika wakati mafaili yenyewe bado yapo. Ipeleke kwenye mashine yenye poti nzuri, ikifunguka toa kwanza vitu vya maana, chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, baadaye, tena kwa diski isiyogonga. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure, iangalie namba 05 na C5 (zinahesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa), zikiwa zimepanda juu ya sifuri kwenye safu ya Raw Values na alama imegeuka njano, hapo kweli diski inaumwa, nunua nyingine.

Kama umejaribu yote na poti za upande mmoja tu ndo zinasumbua, muulize fundi kama upande huo una bodi yake ndogo iliyounganishwa kwa utepe, laptopu nyingi ziko hivyo, inabadilishwa yote bila kuchomelea chochote kwenye madabodi na bei inakuwa tofauti kabisa. Ekstenal iache nyumbani, inayotengenezwa ni laptopu, poti ikishapona fundi aijaribu na ya kwake.