Tela dogo la kubebea kayaki ya tanga: usiongeze chuma

Tela lililoundwa kubeba nusu tani linaweza kuiumiza kayaki kuliko mawimbi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Tanga mtu akishapata kayaki ya tanga, yaani kile chombo chembamba cha makasia kilichowekewa tanga, jambo la kwanza ni kulipeleka tela kwa fundi wa kuchomelea likaongezewe vyuma. Chuma sicho kinachokosekana. Kayaki ya mtu mmoja, pamoja na mirengu yake (yale maboya ya ubavuni yanayoizuia isipinduke), mlingoti na makasia, inakaribia kilo 80. Tela lina nguvu za kutosha na kubaki. Linachokosa ni ulaini na urefu, na hivyo viwili ndivyo vya kutolea pesa.

Springi kwanza. Matela haya ya tairi mbili huwa na springi za majani manne au matano kila upande, zimepimwa zikae vizuri likiwa na mifuko kumi ya saruji. Ukilipakia kilo 80, springi hazipindi kabisa, na kila tuta kati ya hapa na Muheza linapiga moja kwa moja kwenye kayaki. Tazama kwenye kioo utaona tairi zinaruka. Mimi nilikwenda kwa fundi springi Ngamiani, nikamwomba abakize majani mawili kila upande. Akaniuliza, "Sasa kaka, siku ukitaka kupakia mchanga?" Nikamwambia mchanga haupandi humu mpaka majani yarudishwe. Lile jani kuu, lenye macho pande zote mbili, halitolewi, maana ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Halafu angalia zile bolti za umbo la U: majani yakipungua, nati zinaweza kufika mwisho wa nyuzi kabla hazijabana. Dai bolti fupi zaidi, au kipande cha bati nene cha kujazia. Upepo wa tairi nao upunguze, kwa sababu ule ulioandikwa ubavuni ni wa mzigo kamili.

Urefu ndio kazi kubwa. Kayaki yangu ina karibu mita 5, na sanduku la tela halifiki mita 2. Ukiipakia hivyohivyo, ama omo, yaani pua yake, itagusa gari ukikata kona, ama utaisukuma nyuma mpaka mkia wa tela uwe mzito. Mkia mzito ndio unaoua watu. Mwendo ukipanda kidogo tela linaanza kuyumba kulia na kushoto, likishaanza linalivuta na gari. Kipimo ninachokiamini ni kwamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote kikae shingoni, pale linapoungana na gari. Tela la kilo 120 likibeba kilo 80, shingo iwe na kilo 15 hadi 20. Huhitaji kifaa maalumu: panga matofali mpaka usawa wa kiungo cha gari, weka juu yake mizani ya kupimia watu, laza shingo, soma. Ikipungua, sogeza kayaki mbele.

Ili usogeze mbele bila kugusa gari, shingo lazima irefuke. Tafuta bomba la mraba linaloingia ndani ya lile la zamani, au linalolivaa kwa juu, lipishane nalo nusu mita au zaidi, kisha pitisha bolti katika mabomba yote mawili. Usikubali kuchomelewa ncha kwa ncha. Hata fundi akuhakikishie vipi, pale shingoni ndipo chuma kinapopindwa kila tuta, na mshono ule ukikatika tela linakwenda linakotaka, barabara ikiwa na watoto wa shule na bodaboda. Ongeza na mnyororo wa kulishika tela na gari hata kiungo kikiachia. Faida nyingine utaiona ukirudi nyuma: tela lenye shingo ndefu halikunji ghafla.

Sasa sehemu ya kulalia. Kayaki nyingi za aina hii ni za plastiki ileile ya matanki ya maji tunayoyaweka juu ya nyumba. Ukishaona tanki lililokaa juu ya mbao mbili tu linavyobonyea, basi umeshajua tatizo. Jua la saa saba mchana plastiki inalegea, na chuma chembamba chini yake, hata ukikizungushia zulia, kinaacha bonde. Zulia lenyewe linanyonya maji ya chumvi na kuyakalisha juu ya chuma.

Nilichofanya ni kufunga bomba refu katikati ya tela, kutoka shingoni hadi nyuma ya sanduku, na juu yake jozi mbili za nguzo zenye umbo la V, jozi zikiachana kiasi cha mita 2 na nusu. Kati ya nguzo mbili za kila jozi nikatundika mikanda ya viti vya magari, ile ya usalama, ninayoipata gereji. Mikanda mitatu kila jozi, imelazwa sambamba. Kayaki inakaa ndani ya mikanda, na mikanda inalifuata umbo la tumbo lake. Hakikisha tu haigusi chuma hata tela likidunda, na mikanda isiangukie chini ya tundu la pedali (zile za kuiendesha kayaki kwa miguu), kwa kuwa plastiki pale haina mgongo. Mahali pazuri ni mbele ya nafasi ya miguu na nyuma ya kiti.

Kufunga kwa juu, mikanda miwili inatosha. Vuta mpaka kayaki isicheze, basi. Anayekaza mpaka plastiki ilie anaibonyeza mwenyewe. Omoni na tezini, yaani puani na mkiani, weka kamba za kuizuia isiteleze mbele au nyuma. Mirengu naibeba ndani ya sanduku juu ya godoro kuukuu, na mlingoti, ambao unatengana vipande viwili, unaingia kwenye bomba la maji taka la inchi nne lililofungwa ubavuni mwa tela, lenye kifuniko. Hilo bomba ni bei ndogo na linaokoa mengi.

Taa usizifunge chini. Zifunge kwenye ubao unaotundikwa nyuma kabisa ya kayaki, pamoja na kitambaa chekundu, ili dereva wa nyuma aone mwisho halisi wa mzigo. Tela nalo lina usajili na namba yake TRA (Mamlaka ya Mapato), na namba hiyo ikae kwenye ubao huohuo. Ukifika pwani unauvua ubao, maji hayaufikii.

Na tela lenyewe lisiingie baharini. Beringi zikitoka safarini zina moto. Ukizitumbukiza, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupita sili, ule mpira unaoziba beringi. Grisi inageuka uji na baada ya wiki chache unasikia mlio. Huku kwetu hakuna haja hiyo: kayaki ni nyepesi, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mahali ulipoegesha asubuhi panaweza kuwa bahari mchana. Acha tela juu ya mstari wa mwani mkavu, halafu ishusheni kayaki mkiwa watu wawili. Ukirudi nyumbani limwagie maji yasiyo na chumvi, hasa katikati ya majani ya springi.

Nikienda Pangani nasimama Tongoni, nashika kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Ukishindwa kukishika kwa joto, beringi imekazwa mno au imekauka, na safari haiendelei. Hapohapo nakagua bolti za shingo na kukaza mikanda iliyolegea.

Yale majani ya springi yaliyotolewa yapake grisi, yafunge kwenye mfuko wa nailoni na uandike upande yalikotoka. Siku ukiliuza tela, mnunuzi wa saruji atayahitaji.