Kwa mnaoanza kuwashauri waokoaji wa ziwani

Wadogo zangu, wengi wenu mmevutiwa na kazi hii kwa sababu ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu picha za kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Mnamwona mtu ameivaa, anageuza shingo huku na huku, mnadhani picha ndizo zinazomtibu. Tiba yenyewe ya kiwewe ilikuwapo kabla ya miwani: mtu anarudishwa hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu anayoikwepa, anaisimulia kwa sauti, tena na tena, hadi mwili uache kuipokea kama hatari ya leo. Wamarekani waliijaribu miwani kwa askari waliopigana Vietnam, miaka ya 1990. Baada ya Septemba 11, 2001, wakatengeneza picha za minara ya New York iliyoshambuliwa siku hiyo, na miongoni mwa waliotibiwa nazo walikuwamo wazimamoto.

Aliyeopoa miili Ziwa Victoria ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, au kivuko cha MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018, minara hiyo haimhusu. Muulize kinachomshtua ni nini hasa: harufu ya dizeli, honi, chombo kilichopinduka? Programu ya miwani isipokuwa na kitu hicho, achana nayo. Kivuko cha Kamanga, pale Mwanza, kipo. Akishakuwa tayari, nendeni mkasimame gatini, siku nyingine mpande. Kwa maoni yangu hiyo inaishinda miwani ya bei mbaya.

Mkiitumia miwani, aketi. Kila baada ya dakika chache akutajie hofu yake, kuanzia 0 hadi 100. Ikipanda usikimbilie kumvua, atajifunza kwamba kukimbia ndiko kunakomwokoa. Lakini mkubaliane mapema neno la kusimamisha. Akilitamka, vua hapo hapo. Miwani pia huleta kichefuchefu, kwa hiyo muulize: ni tumbo au ni moyo?

Msiwakusanye waokoaji kesho yake baada ya ajali na kumlazimisha kila mmoja aeleze alichokiona. Kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe. Wapate usingizi, chakula, na mtu wa kuwajulia hali.

Halafu kuna wavuvi. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, wao ndio waliotangulia kufika. Hawana kamanda wa kuwaandikia rufaa ya kuja kutibiwa, na ukimuuliza mmoja atakujibu "niko poa". Mfuate mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Kama ni wa dagaa, mpangie siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi imepumzika. Giza likirudi hutampata.