Kamera Iache Kwanza: Kwa Anayeanza Podikasti YouTube Hapa Amu (Lamu)

Vijana wanaonijia kutaka ushauri wa podikasti karibu wote huanza na kamera. Watakutajia aina, watakutajia bei, na wengine wameshaanza kuchangisha. Jibu langu kwa kila mmoja ni lile lile: kamera iache kwanza. Simu uliyo nayo, ikiwa inarekodi video ya 1080p, yaani picha safi ya kutosha, na lenzi yake haijakwaruzika, inakutosha mwaka mzima wa mwanzo. Pesa za kwanza zipeleke kwenye maiki.

Tazama tu watu wanavyosikiliza. Ni kweli YouTube ni mahali pa video, lakini kipindi cha saa nzima ni nani atakayekikodolea macho mwanzo hadi mwisho? Mama anasikiliza huku anakuna nazi, fundi huku anapiga randa, abiria huku amekaa kwenye boti ya Mokowe. Simu imeegemezwa mahali, na sauti ndiyo inayofanya kazi. Picha ikiwa na giza kidogo watu huvumilia. Sauti ikiwa ya mbali au inavuma, mtu atafunga kabla mgeni wako hajamaliza kujitambulisha, na kumrudisha ni kazi.

Na hapa kwetu sauti inataka akili. Kwa kuwa mji wa kale hauna magari, mtu wa kuja hudhani ni mji wa kimya. Mwenye kuishi hapa anajua. Punda akianza kulia Langoni anasikika mitaa mitatu, misikiti imekaribiana na kila mmoja una spika zake, na injini za boti hazitulii pwani tangu alfajiri. Kwa hivyo chagua saa kabla hujachagua mada. Mimi napenda baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, watoto wako skuli au chuo cha Kurani na adhuhuri bado iko mbali. Baada ya isha pia ni kuzuri, ila mzee uliyemwalika huenda akawa ameshachoka. Jua nyakati za swala za siku ile na upange kumaliza mapema. Adhana ikikukuta katikati, simamisha kurekodi, nyamazeni, muitikieni mwadhini, kisha mrudie swali upya. Usiiache ikaingia nusu ukaja kuikata wakati wa kuhariri. Adhana iliyokatwa katikati inaudhi, na wenye kuudhika ni wale wale unaotaka wakusikilize.

Chumba nacho ni nusu ya kazi. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene za matumbawe, kelele za nje zinafika zimechoka. Tabu yake ni ndani: chokaa iliyolainishwa na sakafu tupu vinarudisha mwangwi, mtu akasikika kana kwamba yumo ndani ya birika la msikiti. Dawa yake haiuzwi dukani. Tandika mazulia na mikeka, panga mito na magodoro nyuma ya kamera pasipoonekana, tundika blanketi mlangoni. Ukiwa na bahati ya nyumba yenye chumba cha zidaka, mketishe mgeni hapo. Vile vishubaka vinasaidia kuuvunja mwangwi, na picha nayo inapendeza bila pambo jingine. Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaokufuata, ongeza kitambaa.

Darini chini ya makuti najua panavutia, bahari yote iko mbele yako na kisiwa cha Manda kule ng'ambo. Lakini kusi, upepo utokao kusini, likikolea Juni hadi Agosti, upepo unaingia kwenye maiki na hakuna programu itakayoutoa vizuri. Ukiitaka ile picha, irekodi dakika mbili peke yake uje uiweke mwanzo wa kipindi, mazungumzo yenyewe yafanyeni ndani.

Zima feni, zima na friji. Friji huvuma taratibu hata masikio yanaizoea, lakini maiki haizoei. Warekodi sauti wana mazoea ya kuweka funguo za nyumba ndani ya friji waliyoizima, ili asitoke mtu akaisahau na samaki wa wenyewe wakaharibika. Ukiwa mgeni katika nyumba ya watu, hilo lifanye bila kukosa.

Kwa kuanza, nunua maiki mbili za kubana kwenye nguo, yako na ya mgeni. Ibane kifuani, kama shibiri moja kutoka kidevuni, na uhakikishe kitambaa hakiikwaruzi. Kanzu iliyopigwa pasi kwa wanga ina kelele zake, na buibui la kuteleza ndilo gumu zaidi. Weka simu katika hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati inaweza kukatiza kila kitu. Vaa hedifoni usikilize wewe mwenyewe kabla ya kuanza, usikubali kuambiwa tu kwamba iko sawa. Kisha mwombe kila mtu anyamaze, urekodi nusu dakika ya kimya cha chumba kile. Ukifungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, utaionyesha kimya hicho ndipo ijue mvumo upi wa kupunguza katika maneno. Punguza kidogo tu. Ukizidisha, sauti ya mtu inageuka kama inatoka chini ya maji.

Sasa mgeni mwenyewe. Podikasti nyingi za wanaoanza hufa kwa maswali mapana. Umemkalisha fundi wa jahazi wa Matondoni, mtu aliyeshika tezo tangu utotoni, halafu unamwambia atueleze historia ya ujenzi wa majahazi. Atakupa hotuba fupi ya heshima, atanyamaza, nawe utabaki na karatasi yako. Muulize mti gani anautafuta kwa mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, na anaujuaje kabla haujakatwa. Muulize mataruma, zile mbavu za jahazi, anayapata wapi yakiwa yameshapinda yenyewe. Muombe apige kalafati kidogo mbele ya maiki, pamba ikiingia baina ya mbao, kisha akueleze sikio lake linasikia nini pakishajaa. Hapo mzee atasahau kama kuna simu mbele yake. Atakurekebisha, atakucheka kwa kutojua, atakutajia na waliomfunza. Kipindi ndicho hicho.

Na akinyamaza, nyamaza nawe. Vijana wengi hukimbilia kujaza pengo kwa swali jingine. Wazee wetu husema jambo, hunyamaza, ndipo huja lile lenyewe. Usimkatize kwa "ehe, ehe" kila neno, kwani maiki yako inayashika yote. Itikia kwa kichwa. Zungumza naye Kiamu chenu kama mnavyozungumza barazani. Nasikia wanaoanza wakivaa lafudhi ya mtangazaji wa Nairobi mara tu taa nyekundu ikiwaka, na mgeni naye anajikaza hivyo hivyo, mazungumzo yanakauka. Msikilizaji wa Mombasa au Zanzibar atakufahamu tu, na neno lililomshinda ataliuliza kwenye maoni.

Miaka iangalie vizuri. Wengi hawasemi tarehe. Watakuambia ilikuwa baada ya uhuru, au mwaka wa mvua za El Niño. Uhuru ni 1963, mvua zile zilianza mwishoni mwa 1997, kwa hivyo unaweza kumsaidia kupanga mambo yake. Mkigusa yanayoumiza watu, kama bandari na uvuvi, soma kabla hujakaa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Mtangazaji asiyejua hilo hawezi kumuuliza mvuvi swali la maana, wala hawezi kumsimamisha mtu anayetia chumvi.

Jambo ambalo washauri wa ng'ambo hawatakuambia ni hili: wengi wenye ya kusema katika mji huu ni wanawake ambao hawatataka sura zao ziwe YouTube. Usiwalazimishe, na usiwaache. Mpishi wa harusi, msusi wa mikeka, mama anayeshona kofia, hawa wana elimu ambayo haijarekodiwa. Elekeza simu kwenye mikono. Kipindi kizima kinaweza kuwa ni vidole na sindano vikizunguka vitobo vya kofia, sauti yake ikieleza, na hakuna atakayelalamika kuwa hakuona uso. Akikataa hata mikono, weka picha moja tuli, mlango wa kuchonga au sinia ya mahamri, nayo YouTube inaikubali kama kipindi chochote. Tena faili lake ni dogo. Ukiwa mwanamume, mtafute dada yako au shangazi akae naye ndiye amuulize. Mambo yatakayosemwa humo wewe usingeambiwa.

Idhini iombe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kumsikilizisha kilichotoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini yake, na mtoto lazima mzazi au mlezi wake akubali. Lakini hata sheria isingekuwepo, mji huu ni mdogo. Neno moja lililomtoka mtu kwa hasira juu ya shamba la urithi linaweza kuwafarakanisha ndugu. Akikuambia litoe, litoe bila kujadili.

Ya mtambo hayana mengi. Thibitisha akaunti yako kwa namba ya simu, la sivyo hutapakia video inayozidi dakika 15; ukishathibitisha, kikomo ni saa 12. Ndani ya YouTube Studio podikasti ni orodha ya kucheza iliyotiwa alama ya podikasti: unaiunda, unaipa jina na picha ya jalada ya mraba, kisha kila kipindi unakiingiza humo, nayo itaonekana pia YouTube Music. Klipu fupi (Shorts) usizichanganye na vipindi. Kwenye maelezo andika dakika za kila mada. Ya kwanza iwe 00:00, zisipungue tatu, na kila sehemu ifike sekunde 10, ndipo zigeuke sura ambazo mtu anaweza kurukia. Utaulizwa kama video imetengenezwa kwa watoto. Wapo wanaojibu ndiyo wakidhani maana yake ni video isiyo na ubaya. Maana yake ni kwamba walengwa ni watoto, na ukijibu hivyo maoni yanafungwa. Mazungumzo na mzee wa jahazi jibu lake ni hapana.

Bando ndilo linalotuumiza. Saa moja ya 1080p kwa kiwango ambacho YouTube inapendekeza, megabiti 8 kwa sekunde, ni gigabaiti 3.6. Kwa 720p, megabiti 5, inashuka hadi kama 2.25. Kwa mazungumzo ya watu wawili waliokaa, 720p haina aibu yoyote. Pakia usiku mtandao ukiwa mwepesi, kiache kipindi kiwe cha faragha, ukisikilize chote asubuhi ndipo ukitoe.

Muziki usichukue wa mtu. Ukitia taarabu uliyoipenda, mfumo wa YouTube unaotambua haki miliki unaweza kuikamata hata ikiwa ni sekunde chache, mapato yakaenda kwa mwenyewe au video ikazuiwa. Redio ya jirani inayosikika dirishani inaweza kukuletea hayo hayo. Tafuta mpiga udi au zumari wa hapa, akupigie sekunde 15, mwandikiane kuwa amekubali, na jina lake ulitaje kila kipindi. Mlipe.

Kuhusu mapato nitasema machache. Ili upate mgao wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, na saa za klipu fupi zilizotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi humo. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Siku ukifika, jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema, kwani asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yaliyotokana na watazamaji wa Kenya. Mpaka hapo ishi kwa kazi yako nyingine. Podikasti ya Kiswahili yenye mazungumzo marefu hupanda polepole, na anayeingia akihesabu pesa huacha kabla masikio ya watu hayajamzoea.

Kwa hivyo usitoe kipindi cha kwanza siku ile ile ulipokirekodi. Kuwa na vitatu au vinne tayari, maana Ramadhani itaingia, Maulidi yatakuja, mgeni ataahirisha kwa kuwa bahari imetulia na amekwenda kuvua, nawe ulishawaahidi watu kila Ijumaa jioni. Ukishindwa kila wiki, sema kila wiki mbili uishike. Rekodi ghafi, ile ndefu kabla ya kukata, usiifute kupata nafasi kwenye simu. Itie kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nakala ya sauti umpelekee mgeni au wanawe kwa kadi ya memori, uwaandikie juu yake jina na tarehe.