Uanagenzi wa dizaini kiwandani: ifuate kazi yako inakoishia

Nilipopata nafasi ya uanagenzi kwenye idara ya ubunifu ya kampuni moja kubwa ya bidhaa za nyumbani, hapa Dar es Salaam, nilijua nakwenda kuchora. Miezi mitatu ikapita sijachora kitu kipya. Nilisogeza maandishi milimita mbili kushoto. Nilibadilisha "gramu 500" kuwa "gramu 450" kwenye vifungashio saba vya bidhaa ileile. Siku moja nzima iliishia kwenye kutafuta nukta iliyodondoka kwenye anwani ya sanduku la posta. Basi kama wewe unaripoti Jumatatu ukiwa na kompyuta yenye nembo ishirini ulizobuni chuoni, hongera, lakini usishangae zikikaa humo humo.

Wengi hapo huanza kuchelewa na kusema wanatumikishwa. Na mimi nilisema. Nilikuja kugeuzwa na kosa langu mwenyewe.

Nilipewa boksi la sabuni la kufanyia marekebisho, jeupe lenye michirizi myekundu. Bakodi nyeusi pale pembeni, ile mistari inayosomwa na mashine, ilinikera, niliiona kama kiraka kwenye shati jipya. Nikaipaka nyekundu ifanane na wenzake. Msimamizi wangu alikuwa safarini, watu wa masoko wakapenda, kazi ikapita. Boksi za majaribio zilipofika ghalani, mashine ya kusomea bakodi haikulia. Mtunza ghala akajaribu tena, akaifuta kioo kwa shati, akajaribu boksi jingine. Kimya. Akaniita, "Dogo, njoo uone ulichotuletea."

Mashine nyingi za aina ile humulika mwanga mwekundu, kisha hutafuta tofauti kati ya mstari unaoumeza mwanga na nafasi inayourudisha. Mstari mwekundu huurudisha mwanga huo sawasawa na karatasi nyeupe. Mimi niliona mistari, mashine iliona karatasi tupu. Pleti, yaani bamba la kuchapia, ikatengenezwa upya, na gharama yake haikukatwa kwenye posho yangu kwa sababu posho yenyewe isingetosha.

Tangu siku ile nikawa nashuka chini. Idara yetu ilikuwa ghorofani, yenye kiyoyozi, na watu wa juu huweza kumaliza mwaka bila kujua mlango wa kiwanda uko wapi. Kwanza nenda na viatu vya kufunika, maana mimi nilirudishwa mlangoni na makubazi yangu. Pili, nenda saa ya chai, mashine zikiwa zimepumzika na fundi ana nafasi ya kuongea. Salamu ndiyo itakayokufungulia. Ukiingia na karatasi mkononi ukaanza na maswali kabla ya "shikamoo mzee," utajibiwa, lakini utajibiwa kwa kifupi.

Fundi wa mashine ya kuchapa, mzee aliyekuwa na wino kwenye kucha ambao nadhani hautoki tena, alinipa somo la rangi kubwa kuliko nililopata darasani. Kwenye skrini rangi ni mwanga, inang'aa yenyewe. Kwenye karatasi ni wino, na picha hujengwa kwa nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi, kila moja na pleti yake. Sasa pleti nne haziwezi kutua mahali pamoja kila mara, karatasi husogea nywele moja huku au kule. Picha ya nyanya haitadhurika sana. Lakini herufi ndogo nyeupe uliyoiweka juu ya kahawia iliyochanganywa rangi tatu itaziba, isomeke kama doa. Akanionyesha lebo moja na kuuliza, "Hapa pameandikwa nini mwanangu?" Nilijua kwa sababu niliiandika mimi. Ndiyo maana maandishi madogo huwekwa kwa wino mweusi peke yake, na rangi ya pembezoni huvushwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba usibaki uzi mweupe. Na ukidizaini mfuko wa salfeti, kumbuka kwamba unachapa juu ya kitu kilichofumwa, kinakwaruza. Mstari mwembamba ulioupenda kwenye kompyuta utakatika njiani.

Mlangoni mwa ghala nilijifunza kuiheshimu bakodi. Ile ya kawaida ina tarakimu 13, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia, kwa hiyo usithubutu kuiandika kwa kukisia. Zinazoanza na 620 zimesajiliwa GS1 ya Tanzania, shirika linalogawa namba za bakodi, na 616 ni Kenya. Upana na kimo chake kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93; unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, si chini ya hapo, na nafasi tupu za kushoto na kulia ni sehemu yake. Usiweke ua pale.

Jambo jingine dogo linalowaumbua wanagenzi ni tarehe. Tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo hupigwa kwenye mstari wa uzalishaji, wewe huzichapi. Kazi yako ni kuacha mahali peupe pakavu zipigwe. Mwenzangu mmoja aliweka hapo kivuli cha bluu nzito, kizuri kwelikweli. Wino mweusi wa tarehe ukapotea ndani yake.

Kisha toka nje ya geti kabisa. Nenda duka la Mangi jioni, taa moja, bidhaa ziko nyuma ya nondo, mteja amesimama nje na noti mkononi. Sikiliza anavyoagiza. Jina la bidhaa hulisikii sana. Utasikia "nipe ile ya kijani," "ile yenye picha ya mama," "hiyo ndogo, siyo hiyo." Nilisimama pale jioni kadhaa nikinywa soda polepole, nikaelewa kwa nini kampuni ilikataa pendekezo langu la kubadilisha kijani kuwa bluu. Nilidhani ni ushamba. Kumbe kijani kile ndicho jina.

Na Kiswahili chenyewe. Sehemu nyingi dizaina hupanga maneno ya Kiingereza kwanza, yakae yapendeze, kisha Kiswahili kinabanwa kwenye nafasi iliyobaki kwa herufi za kutafutia kwa tochi. Anza na Kiswahili, ndicho anachosoma anayenunua. Halafu zima ukataji wa maneno wa programu, kwa sababu hukata kwa kanuni za Kiingereza: nimeona "kut-umia" ikienda hadi hatua ya mwisho bila mtu kushtuka. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kata hapo: "kutu-mia." Soma kila neno kwa sauti, ukianzia mwisho kwenda mwanzo, jicho lisipate mwanya wa kuotea. Mpe na mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo. Mimi nilikuwa nampa dada wa mapokezi, na alikamata makosa mengi kuliko idara nzima.

Kuhusu karatasi za ofisi sina mengi. Faili lipe tarehe na namba, si "final," "final mpya" na "final kabisa." Mabadiliko ukiambiwa kwa mdomo kwenye ngazi, rudi mezani uyaandike kwa barua pepe uyatume kwa aliyekwambia, kwa heshima: "Kama tulivyozungumza asubuhi…" Kazi ikirudi na kosa, wote waliosema "endelea" husahau. Daftari lako la mafunzo lisainishwe kila wiki. Ukisubiri mwezi wa mwisho msimamizi atakuwa likizo.

Usitume mtandaoni kifungashio ambacho hakijaingia sokoni, hata kama ni kwa marafiki tu. Bidhaa ikishatoka, omba ruhusa ya kuitumia kwenye kazi zako za kuonyesha, na useme ukweli wa ulichofanya. "Nilipanga maandishi na kuandaa faili la kuchapa" ni sentensi inayoajirika. Ukisema ulibuni kifungashio chote, utaulizwa swali moja la pleti ukwame.

Wiki yangu ya mwisho niliomba vipande vya majaribio vilivyokuwa vinatupwa, na mzee wa wino akanichagulia mwenyewe. Kati yake aliingiza boksi moja la sabuni, lile la bakodi nyekundu, amelikunja vizuri. Sikuwa nimeliomba.